Mwisho wa Leva

Mimi huuza mbao Elburgon, na nimezoea mashine zisizo na siri. Msumeno wa kiwandani ukigoma, ama mkanda umekatika, ama meno yamekuwa butu, ama kuna mtu aliyesahau kutia mafuta na sasa anaangalia kando. Unamgombeza, kazi inaendelea. Kwa hivyo siku niliyoteremka Kamere, kando ya ziwa, na kukuta boti ya baba imepandishwa juu ya magurudumu ya zamani ya lori, ina injini mbili nyuma, moja nyeusi inayong'aa na nyingine kuukuu iliyopauka, zote nzima, na bado haiwezi kwenda popote, nilikasirika kama ninavyokasirikia watu.

"Shida ni gani?" nikamuuliza fundi.

"Siz, hizi haziskizani."

"Haziskizani vipi? Kwani zimeoana?"

Fundi, ambaye kila dada kwake ni siz, alikuwa mtu wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, hodari wa nyaya za magari, na alikuwa na tabia ya kujibu huku akiangalia kazi badala ya kukuangalia wewe. Akanielezea. Injini ile kuukuu ilivutwa kwa kebo, kama breki ya baiskeli. Ile mpya haikuwa na kebo hata moja. Ilingojea kuambiwa kwa waya, na leva iliyokuwa kwenye boti haikujua kusema chochote kwa waya.

Leva ni ile fimbo fupi iliyo upande wa kulia wa usukani. Ukiisukuma mbele boti inakwenda, ukiivuta inarudi nyuma, ukiiacha katikati injini inanguruma bure. Ile ya zamani ilikuwa na vichwa viwili, kila injini na chake, na ulivishika vyote kwa kiganja kimoja. Baba alikuwa amevishika hivyo tangu aliponunua boti hiyo kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Alibeba wageni waliotaka kuona viboko na ndege, na siku za sikukuu familia kutoka Nakuru zilizokuja na chakula chao na watoto wasiotulia. Alishika usukani kwa mkono wa kushoto na leva kwa mkono wa kulia, akaongea mambo ya viboko bila kugeuza kichwa. Hiyo ndiyo kazi niliyomjua nayo.

Kisha ziwa likapanda. Lilimeza mashamba ya watu pamoja na nyua zao, na nguzo zikabaki zimesimama chini ya maji zikingoja. Baba aliijua mitaa hiyo ya chini kuliko wengi, lakini siku moja injini ya kushoto ilipiga nguzo ya ua ambao hakuna aliyekuwa akiukumbuka, ikavunjika vibaya. Kabla hatujajua la kufanya, yeye mwenyewe akaanguka bafuni. Kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukarudi, maneno yakarudi yote pamoja na yale ambayo mama angependelea yabaki. Mkono wa kulia ulirudi nusu.

Mama hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, jikoni, akiwa amenipa mgongo.

"Hiyo boti iuzwe. Akiwa huko katikati na watu wa watu, mkono ukatae, mimi nitasema nini?"

Baba aliposikia alisema daktari alimwambia mkono unataka kazi, na yeye hana kazi nyingine ya kuupa. Wakabishana kwa siku kadhaa, kwa upole, jambo lililonitisha kuliko kama wangegombana. Mwishowe mama akatoa masharti. Injini zikitengenezwa, baba ataiendesha boti mwenyewe, kwa mkono wake, atoke ufukweni na kurudi, yeye mama akiangalia. Akiweza, boti ibaki. Asipoweza, kuna mtu wa hoteli moja mjini Nakuru aliyekuwa akiitaka, na aichukue.

Baba alikuwa tayari amejaribu leva ya zamani kwa siri. Nilijua kwa sababu nilimwona akishuka kutoka kwenye boti akiwa amekunja uso, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kebo mbili ni nzito. Tuliposikia kwamba injini za siku hizi hazina kebo, kwamba leva yake ni laini hata mtoto anaisukuma, hapo ndipo matumaini yetu yote yalipohamia. Sikuwa naipenda boti. Nilimtaka baba awe na mahali pa kwenda asubuhi.

Basi ndipo tukatafuta injini mpya, ambayo si mpya, ni ya kuvuliwa kutoka boti ya ng'ambo na kuletwa Mombasa. Huku kwetu mtu akinunua injini ya gari ya namna hiyo, swali la kwanza huwa: imekuja na akili yake? Maana yake ni kile kisanduku cha kompyuta pamoja na mkia wa nyaya. Injini bila akili yake ni chuma chakavu cha kuuzia watu wa mizani. Fundi aliuliza swali hilo, akajibiwa ndiyo, akatumiwa picha, akaridhika. Hakuna aliyeuliza kama akili hiyo itakubali kukaa na injini ya zamani. Kwa gari hakuna haja ya kuuliza. Gari lina injini moja.

"Sasa?" nikamuuliza siku hiyo ya kwanza.

"Sasa tunatoa hii kuukuu, tunatafuta ndugu ya hii mpya. Na leva yao. Na skrini."

"Kwa nini hukusema mwanzo?"

"Mwanzo nilikuwa sijui, siz."

Ni vigumu kumgombeza mtu anayekujibu hivyo. Nilijaribu.

Ndugu ya ile injini ilipatikana, ya aina ileile, umbo lilelile, kutoka boti nyingine kabisa. Leva ilipatikana pia, moja tu ya kutawala injini zote mbili, nyeusi, nyepesi, ukiigusa inakwenda. Baba aliishika ikiwa bado mkononi mwa fundi, haijafungwa mahali, akaisukuma kwa kidole gumba, akatabasamu upande mmoja. Nikarudi Elburgon nikijua mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Niliporudi na ubao wa mvule wa kuimarisha mahali injini zinapofungwa, fundi alikuwa amekaa sakafuni mwa boti katikati ya nyaya, ametandaza kila kitu. Akazungusha ufunguo nione. Skrini ikawaka, ikaonyesha mshale mmoja, mshale ukaruka juu, ukaanguka, ukaruka tena, na mlio ukaanza. Mlio ule sitausahau. Ulikuwa mwembamba na haukuwa na pumzi, na korongo aliyekuwa amesimama kwenye mgunga mkavu ndani ya maji aliondoka zake.

"Injini ziko mbili," nikasema. "Kwa nini mshale ni mmoja?"

"Kila moja inafikiria iko peke yake. Huko zilikotoka kila moja ilikuwa kwa boti yake. Skrini ikiita, zinajibu zote mbili pamoja."

Hilo nililielewa bila kuelezwa zaidi. Kwetu watoto hupewa majina ya babu na nyanya, na babu yangu mmoja ana wajukuu wengi wa kiume wanaobeba jina lake. Nyanya akiliita kutoka jikoni, ama wanakuja wote ama hakuna anayekuja, kila mmoja akidhani ameitwa mwingine. Dawa ilikuwa kuongeza mahali: wa Molo, wa Njoro, wa hapa nyumbani. Nikamwambia fundi aipe injini moja kijiji chake. Akacheka, lakini hakujua kinapewa vipi.

Alijaribu kwa kompyuta aliyoazima. Alijaribu kubadilisha plagi. Alizima betri, akangoja, akawasha. Nikapiga kelele kidogo, kwa kuwa yule mtu wa hoteli alikuwa amepiga simu kuuliza kama aje Jumamosi, na mama alikuwa amemjibu aje. Fundi akanisikiliza hadi mwisho.

"Siz, hata ukipiga nduru, hii kitu haina maskio."

Baba alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda iliyopinduliwa, akifinya mpira wa tenisi alioambiwa na daktari aufinye. Baba huniita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mamake.

"Mama," akasema, "mwache kijana afanye kazi. Hasira yako nayo iende ikatafute yake."

Suluhisho lilitoka kwa simu. Fundi alimpata mwenzake wa Mombasa aliyewahi kufunga injini kama hizo, akamwonyesha nyaya kwa video, na yule mtu akauliza jambo moja: ule waya mwembamba uko wapi? Kumbe waliozing'oa injini huko ng'ambo walikata mikia ya nyaya karibu na shingo ili zipakiwe haraka. Fundi wetu alikuwa ameunganisha kila waya kwa rangi yake, kazi safi, ila mmoja mwembamba kwenye kila injini ambao haukulingana na chochote alichojua. Kwa miaka yake yote ya magari hakuwahi kuuona. Akauchukulia kuwa wa ziada, akaukunja, akaufunga kwa utepe mweusi wa gundi. Waya huo ndio unaoiambia injini imekaa upande gani. Ukiachwa hewani, injini inajichukulia kuwa peke yake, au ya kushoto. Ukiunganishwa na hasi ya betri, injini inajua kwamba yenyewe ni ya kulia na kwamba kuna mwenzake.

Akaufungua ule wa injini ya kulia, akauunganisha, akazungusha ufunguo. Mishale miwili ikasimama kwenye skrini, mmoja huku na mmoja kule, bila mlio. Nilimnunulia fundi soda na mandazi, na hiyo ndiyo samahani yangu yote aliyoipata.

Lilibaki jambo moja, nalo tuliambiwa Jumamosi asubuhi boti ikiwa tayari majini. Leva ya waya lazima ifundishwe. Haijui mbele ni wapi wala mwisho ni wapi hadi mtu aionyeshe. Unazungusha ufunguo bila kuwasha injini, unabonyeza kitufe, unaisukuma mbele mpaka inagonga mwisho, unaivuta nyuma mpaka inagonga mwisho, unairudisha katikati. Kompyuta inaweka kumbukumbu. Tangu hapo hiyo ndiyo mbele yake na hiyo ndiyo nyuma yake. Fundi alituonyesha kabla ya kubonyeza kitufe. Ilipofika mwisho ilitoa mlio mdogo, ko, plastiki kwa chuma.

Fundi angeweza kuifundisha mwenyewe na tukaendelea na siku. Lakini kwetu mwenye chombo ndiye anayekifungua. Hata trekta ikiletwa, mwenye shamba ndiye anayeiwasha kwanza, hata kama hajui kuiendesha. Fundi akasogea, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mzee, njoo uifundishe. Ni boti yako."

Mama alikuwa amefika. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani na kusimama pale nyasi zinapoishia, karibu kiasi cha kuona kila kitu. Yule mtu wa hoteli alikuwa njiani.

Baba akakaa. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye leva. Fundi akabonyeza kitufe, taa ndogo ikaanza kupepesa. Baba akasukuma. Leva ilikwenda vizuri, ikapita nusu, ikaendelea, kisha ikasimama. Niliona mshipa wa shingo yake. Kiwiko kilikuwa kimefika mwisho wa uwezo wake na leva bado ilikuwa na nafasi mbele, upana wa vidole vitatu hivi. Nilingoja ile ko. Haikulia. Taa ikapepesa, ikapepesa, ikatulia ikawa kijani. Akaivuta nyuma, na kuvuta kulikuwa rahisi kwake, ikagonga. Akairudisha katikati. Kijani tena.

Fundi akaniinamia.

"Siz, imechukua pale mkono umefika. Haijafika mwisho. Tunaweza rudia, niisukume mimi."

Nilimwangalia mama. Alikuwa akiuangalia mkono wa baba, si taa. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kwamba mtu akiweka mkono wake juu ya ule wa baba pale, mbele ya mama, boti imeuzwa.

"Boti itakwenda?" nikanong'ona.

"Itakwenda. Hapo mkono umefika ndio itakuwa mwendo wote. Mbele ya hapo ni bure."

"Basi iko sawa."

Baba akawasha. Injini mbili zikanguruma pamoja, na ngurumo yao ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Akaitoa boti polepole kati ya migunga mikavu, akafika maji ya wazi, akasukuma leva kiasi kile alichoweza, na pua ya boti ikainuka kama inavyotakiwa kuinuka. Akazunguka mbali, akarudi, akapunguza, akarudisha nyuma kidogo, akaiweka ubavuni mwa gati bila kuigusa. Mama alikuwa bado amesimama palepale.

"Mpigie huyo mtu wa hoteli," akaniambia. "Mwambie asikuje."

Kisha akaenda kupika, na alikuwa analia, lakini hakutaka kuulizwa.

Baba alirudi kazini. Niliporudi Elburgon nilizisikia habari zake kwa simu ya mama, ambayo ni ndefu na inaanza na hali ya kuku. Wageni wanakuja. Mkono haujakataa. Na jambo lingine, ambalo mama alilisema akiwa ameshusha sauti: baba yako siku hizi anaomba. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kufika, anashuka ufukweni, anakaa peke yake ndani ya boti ikiwa imezimwa, ameinamisha kichwa, muda mrefu. Mama alikuwa amewakataza watu wote kumsumbua. Chai aliiweka kwenye thamosi hadi amalize.

Baba yangu ni mtu anayekaa karibu na mlango wa kanisa, na mahubiri yakizidi anatoka kuangalia kama mvua itanyesha. Lakini kiharusi hubadilisha watu, na mama alikuwa na furaha. Sikuona haja ya kumharibia.

Misimu ikapita. Nilikuja na mbao za kutengeneza viti vya boti, nikalala nyumbani, nikaamka mapema kwa mazoea ya kiwandani. Mama alikuwa jikoni. Nikamwambia nashuka kupima viti.

"Ngoja amalize kuomba," akasema.

Nikamwambia sitamsemesha. Nikashuka. Ukungu ulikuwa juu ya maji na kiboko mmoja alikuwa akipumua mahali fulani nisipopaona. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo kwangu, kichwa kimeinama kweli. Nilipokaribia nikamsikia. Alivuta pumzi, akaishika, akatoa sauti ya mtu anayesukuma ng'ombe aliyelala, kisha akaiachilia. Bega la kulia lilikuwa linatetemeka. Ufunguo ulikuwa umening'inia, injini zimezimwa.

Alijua ni mimi. Nadhani ni viatu.

"Mama," akasema bila kugeuka, "ile siku ya kufundisha, uliskia ikigonga?"

"Sikuiskia."

"Hata mimi sikuiskia. Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Ulifanya vizuri."

Akakunjua vidole, akavikunja tena juu ya leva. Asubuhi zote zile. Mama akiwafukuza watu, chai ikingoja, na yeye amekaa hapa akiitafuta ile nafasi ya vidole vitatu. Nilijawa na aibu kidogo na mapenzi mengi, na hasira pia, kwa kuwa hakuniambia, lakini hasira yangu huwa haikosi mahali pa kukaa.

"Usiongee sasa," akasema.

Akasukuma. Leva ikapita nusu, ikapita pale taa ilipogeuka kijani siku ile, ikapunguza mwendo, ikasita. Alitoa tena ile sauti. Kisha nikaisikia, ndogo, plastiki kwa chuma.

Ko.

Hakuuondoa mkono. Alibaki ameishikilia pale mwisho, akihema, na kutoka juu kwenye nyasi nikamsikia mama akiita kwa sauti ya chini, ile ya kanisani, akiuliza kama baba amemaliza kuomba.

Baba akairudisha leva katikati.

"Mwambie nimemaliza," akasema. "Alafu umpigie fundi aje, tuifundishe tena."